Samaki Watano na Cherehani Moja

Kaeni vizuri. Mwenye kukohoa akohoe sasa, na mwenye mtoto wa kunyonya amtie titi mdomoni kabisa, maana hadithi hii ikishaanza hairudi nyuma kwa ajili ya mtu.

Walikuwapo wanawake watatu huko Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi na nne, na kila mmoja alipewa chake.

Mwanamvua alipewa macho. Akiingia kwako kuomba maji ya kunywa, akitoka anajua bati lipi linavuja na nani humo ndani hasemi na nani.

Chausiku alipewa mikono. Alikuwa mpika chapati, na kazi akishaitia mikono haachi katikati, hata umwambie mvua imeshafika kona ya barabara.

Salha, binti wa miaka ishirini na mbili, alipewa ulimi. Neno ambalo wenzake hulimeza, yeye hulitema, tena mbele ya mwenyewe. Hicho nacho ni kipaji, msicheke, ingawa mwenye nacho haalikwi sana harusini.

Na aliyewakusanya hao watatu alikuwa mtu wa nne, Bi Mwantumu, ambaye siku hizo hakuwa na kipaji chochote isipokuwa hofu.

Bi Mwantumu alikuwa mjane, tena mjane mbichi, yuko ndani ya eda. Mumewe, Hemedi, alifariki mwezi wa Rajabu kwa maradhi ya figo. Mwanamvua alikuwa dada wa Hemedi, kwa hiyo wifi wa mjane. Salha alikuwa mtoto wa mdogo wake Hemedi, na Chausiku alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Mnaona, si watu wengi. Msiniulize mara mbili.

Sasa, sebuleni kwa Hemedi palikuwa na tangi la kioo, refu kama sanduku la bibi harusi, na ndani yake samaki watano wa dhahabu. Hawakuwa wake. Walikuwa wa Mwalimu Pili, mwanamke mzee aliyemfundisha Hemedi kusoma, ambaye alikwenda Maskati kukaa kwa binti yake mwaka mzima. Alipoondoka alimwambia Hemedi, "Nakuachia amana. Ni watano. Nikirudi nihesabu watano." Hemedi akasema, "Utahesabu watano, Mwalimu."

Na siku tatu kabla ya kufa, Hemedi alimshika mkewe kiganja akasema, "Mwantumu, amana ya Mwalimu iko shingoni mwangu. Mpaka imfikie mwenyewe, mimi sijalala."

Basi. Mtu hufa na maneno mengine akamwachia mkewe, mengi ya upuuzi. Haya hayakuwa ya upuuzi, na Bi Mwantumu aliyabeba.

Siku ya msiba ilikwenda kama misiba yote. Makochi yalitolewa nje, kabati likatolewa, meza ikatolewa, mikeka ikatandikwa ukuta kwa ukuta ili wanawake wapate pa kukaa. Lakini tangi la kioo huwezi kulitoa nje. Wanaume wakapunguza maji nusu, wakalinyanyua kutoka pembeni kwenye giza, wakalisukuma chini ya dirisha kubwa la mashariki. Matanga yakaisha, makochi yakarudi, kabati likarudi. Tangi likabaki dirishani. Kila aliyepita alisema, "Watakuja watu walirudishe." Mnawajua watu hao, wale wa kuja. Hawajafika mpaka leo.

Halafu yakaja ya pili. Kila mwanamke aliyekuja kutoa pole alisimama mbele ya lile tangi, akatikisa kichwa, akasema, "Masikini, hawa ndio waliokuwa wakila mkononi mwa marehemu." Kisha akamega. Huyu kipande cha mkate, yule wali wa pilau, mwingine tambi za sukari. Ilionekana ni thawabu: kulisha kiumbe kwa ajili ya maiti. Siku nyingine walikuja watu thelathini, na samaki ni watano. Samaki wa dhahabu hajui kusema ameshiba. Alichoshindwa kula kilizama kikaoza kwenye kokoto.

Maji yakawa kama chai ya majani ya mchaichai. Baada ya wiki yakawa kama maji yaliyooshea mchicha. Baada ya mwezi kasoro siku chache yakawa mlenda mtupu, na samaki hawaonekani.

Bi Mwantumu akawa haamki kwa adhana, huamka kabla yake. Akishaswali alfajiri, kabla wanaume hawajaanza kuingia sebuleni kutoa pole, alikuja na kanga yake kichwani akainama juu ya tangi. Kioo kilikuwa kijani kitupu. Alichoweza kuona ni midomo tu, imepanda juu kutafuta hewa. Basi alihesabu midomo. Mmoja, miwili, mitatu, minne. Akangoja. Magoti yanauma, anangoja. Wa tano ulipotokea ndipo aliporudi ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa ibada yake ya pili.

Ushauri ulikuja wa bure, kama upepo. Mmoja alisema atie limau. Mmoja alisema chumvi ya mawe. Bi mmoja wa barabara ya kumi na sita, mwenye maneno ya chini kwa chini, alisema hilo ni jicho la marehemu, hajaridhika. Hiyo ndiyo iliyomwingia Bi Mwantumu kama mwiba, maana alikuwa anajua kwa nini marehemu asiridhike.

Kisha simu ikalia. Alikuwa Mwalimu Pili, sauti inatoka mbali na inakatika. "Mwanangu, pole tena na tena. Nakuja. Jumamosi ile baada ya arobaini nitakuwa hapo. Na wanangu wa majini hawajambo?"

Bi Mwantumu akasema, "Hawajambo, Mwalimu."

Akaweka simu. Alihesabu kwa vidole: siku kumi na nane. Na kwa hofu hiyo akafanya kosa lake mwenyewe. Hakumwambia mtu. Alifyonza maji zaidi ya nusu kwa mpira, akafungua bomba, akajaza maji mapya moja kwa moja, baridi, yenye ile dawa ya bomba inayonuka puani. Kwa nusu saa maji yakawa meupe, naye akacheka peke yake. Kisha samaki mkubwa kuliko wote, mwenye mkia mweupe, akalala ubavu. Akawa anaelea kama ganda la chungwa, jicho linamtazama mjane.

Hapo ndipo alipopiga ukelele. Mwanamvua alikuwa uani anachambua mchele, Chausiku alikuwa analeta chapati za chai, Salha alikuwa anafagia. Wote watatu wakaingia mbio, wakamkuta amekaa chini, kanga imeanguka, na maneno yanamtoka kabla hajayapima.

"Mungu ni shahidi wangu," alisema. "Atakayenirudishia hawa watano salama mkononi mwa Mwalimu Pili, cherehani yangu ni yake. Nimeweka nadhiri."

Cherehani hiyo ilikuwa ya miguu, chuma cheusi, maua ya dhahabu ubavuni. Ilikuwa mahari yake. Si mali ya marehemu, wala hakuna mrithi wa kuigusa. Miaka ishirini na saba alishonea mtaa mzima. Chausiku alikuwa akiiangalia cherehani hiyo kama mtu anavyoangalia nyumba ya ghorofa.

Mkia Mweupe akapepesuka, akapepesuka, na baada ya muda mrefu akasimama sawa. Lakini nadhiri ilikuwa imeshatoka. Nadhiri si mate, hairudi kinywani. Na asubuhi ya pili maji yakaanza tena kugeuka.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini, na msianze kuchagua upande mapema.

Mwanamvua alivuta kigoda akakaa mbele ya tangi toka asubuhi mpaka karibu na adhuhuri. Hakugusa kitu. Chausiku akamuuliza, "Dada, unaangalia samaki au unasinzia?" Akajibu, "Naangalia jua." Akaonyesha kwa kidole. Upande wa dirishani kioo kilikuwa kimevaa utando mzito, unaweza kuuandikia jina. Upande wa ndani utando ulikuwa mwepesi. "Jua linaingia saa moja linatoka saa tano," akasema. "Linapika haya maji kama sufuria. Tangi lilikuwa kule pembeni miezi yote, maji yalikuwa kijani lini?" Hakuna aliyekumbuka yakiwa kijani. Mwanamvua akamtuma mumewe akaja na wenzake watatu, tangi likarudi pembeni gizani, akalifunika kwa kanga mbili nzito. Baada ya siku tatu maji hayakuzidi kukolea. Lakini hayakung'aa pia. Bi Mwantumu alihesabu midomo: mitano. Siku zilizobaki: kumi na tatu.

Chausiku akasema, "Ugonjwa umesimama, lakini uchafu bado umo." Akapanga ndoo nane uani, akazijaza maji ya bomba, akaziacha wazi mchana mmoja na usiku wake mpaka ile dawa ipande hewani, maana alikuwa ameona kilichompata Mkia Mweupe. Kila asubuhi, akishamaliza chapati zake, alifyonza robo ya maji ya tangi, pamoja na mabaki ya chini kwenye kokoto, kisha akarudisha maji yaliyolala, kata moja moja, yakiteremka taratibu kwenye kioo. Sponji ya mashine ndogo iliyokuwa ikitia hewa na kuchuja maji ya tangi aliikamua ndani ya maji aliyoyatoa, hakuitia sabuni wala maji ya bomba yenye dawa. Bi Mwantumu alimwambia, "Pumzika, Chausiku, mkono umevimba." Akajibu, "Umevimba, haujakatika." Siku ya nne mjane aliweza kuona vivuli, mapezi, na kitu chekundu kinachopita. Siku ya tano ilikuwa Alhamisi, watu wakajaa kumwombea marehemu. Ijumaa asubuhi maji yakawa kijani tena.

Bi Mwantumu hakulia. Alikaa kitandani, akamwambia Salha, "Mwambie Mwalimu asije. Mwambie nina homa."

"Mama mkubwa," Salha akasema, "mtu hasafiri kutoka Maskati halafu akaambiwa una homa. Nani alikuja jana?"

"Watu wa dua."

"Walisimama kwenye tangi?"

Salha akaenda akatia mkono kwenye kokoto, akatoa kiganja kimejaa mkate uliovimba kama pamba ya godoro. Mwanamvua kwa macho yake yote alikuwa ameuona mkate huo. Chausiku kila siku alikuwa akiufyonza. Wote wawili walinyamaza, maana nani atasimama kwenye nyumba ya msiba amwambie mtu usitoe sadaka? Hata Bi Mwantumu mwenyewe alijua. Alijua tangu wiki ya kwanza, na aliona aibu.

Salha akachukua kiti akakiweka mbele ya tangi, akakaa na kazi yake ya kusuka ukili wa mkeka. Kila aliyekuja na kipande alikutana naye. "Shoga, funga mkono." "Bibi, mpe kuku wangu, yuko uani." Wengine walicheka, wengine walinuna, lakini waliondoka na mkate wao. Mpaka siku ya arobaini yenyewe alipoingia Bi Azani.

Bi Azani alikuwa mama wa kijana aliyemposa Salha. Posa ilikuwa imeshapokelewa, bado siku tu. Alikuja na kipande cha mkate wa sinia ndani ya kitambaa, akanyoosha mkono kufunua kanga ya tangi.

"Mama, usitie," Salha akasema.

"Hii ni sadaka ya marehemu, mwanangu."

"Maskini wako barazani, mama, wamekaa toka asubuhi. Wape hao. Huyu samaki hana dhiki, ana tumbo."

"Unanifundisha kutoa sadaka?"

"Nakufundisha pa kuipeleka."

Sebule yote ilisikia. Mwanamvua alimfinya paja, "Salha, nyamaza, huyu ni mkweo." Salha hakunyamaza wala hakuinuka kwenye kiti. Bi Azani akakunja kitambaa chake mara nne, taratibu, akasema, "Mdomo huu hauingii nyumbani mwangu." Akavaa viatu. Kesho yake jioni posa ikarudishwa, na aliyeileta hakukaa hata kunywa maji.

Kutoka siku hiyo hakuna chembe iliyoingia tangini isipokuwa ile chembe ndogo ya asubuhi aliyoitoa Bi Mwantumu mwenyewe kwa vidole viwili. Chausiku aliendelea na ndoo zake. Kanga za Mwanamvua zilibaki zimefunika. Jumatano maji yalikuwa kama chai ya rangi nyepesi. Alhamisi kama maji ya madafu. Ijumaa alfajiri Bi Mwantumu aliinama, akafunua kanga, akaona kokoto moja moja. Akawahesabu samaki wazimawazima, na mikia yao. Watano. Akawahesabu tena, kwa kuwa hofu iliyokaa na mtu mwezi mzima haiondoki siku ile ile.

Jumamosi Mwalimu Pili alifika na fimbo yake. Alimkumbatia mjane, akasoma Fatiha, kisha akasogea tangini akaweka uso karibu na kioo. Alihesabu kwa kidole kama alivyokuwa akihesabu watoto darasani.

"Watano," akasema. "Hemedi, pumzika."

Bi Mwantumu akahisi kitu kimemtoka mabegani, kizito kama gunia la mbaazi. Alidhani yameisha. Lakini wale watatu walikuwa wamesimama mlangoni, na hakuna aliyekuwa anatazama samaki. Walikuwa wanatazama cherehani.

"Mama mkubwa aliweka nadhiri," Salha akamwambia Mwalimu. Kwa ulimi ule mngetarajia nini?

Mwalimu Pili akaketi, akaelezwa yote tangu mwanzo. Akauliza swali moja tu. "Tangi nani aliamuru liwekwe dirishani?"

Chausiku akaangalia miguu yake. Mwishowe Mwanamvua mwenyewe akasema, "Mimi. Siku ya msiba mimi ndiye niliyekuwa napanga nyumba. Sikujua."

"Basi dada alizima moto aliouwasha," Chausiku akasema, polepole, bila ubaya.

"Niliuwasha, ndiyo," Mwanamvua akajibu, "na bila mimi kuujua unakotoka, wewe ungekuwa unabeba ndoo mpaka Idi. Mikono yako ilihitaji macho yangu. Tena, jirani, tusifichane, wewe cherehani uliitaka kabla samaki hawajaumwa."

"Niliitaka. Kutaka si dhambi. Ndoo nane kwa siku, siku kumi na tatu, nilizibeba kwa kutaka? Nyinyi mlikaa kwenye kigoda na kwenye kiti. Mimi sikukaa."

Salha akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mimi nilikaa kwenye kiti, kweli. Kiti hicho kimenigharimu mume. Nani kati yenu samaki hawa wamemgharimu kitu ambacho usingizi hauwezi kurudisha?"

"Hata kushona hujui," Chausiku akasema.

"Nitajifunza. Muda ninao sasa."

Bi Mwantumu akamgeukia Mwalimu Pili. "Mwalimu, niamulie."

Mwalimu akasimama na fimbo yake. "Mwanangu, mimi nilikuja kuchukua samaki. Amana yangu imefika, nimeridhika. Nadhiri ni yako. Ulisema 'atakayenirudishia', mmoja, na ulisema cherehani, hukusema vipande vya cherehani. Usikae nayo muda mrefu." Watu wakaja, tangi likapunguzwa maji, likabebwa, likaondoka. Kwenye sakafu pembeni ikabaki alama ya mraba, safi kuliko sakafu nyingine yote.

Bi Mwantumu akawaambia wale watatu waje kesho baada ya adhuhuri. Kisha akakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, akikitazama kile chuma cheusi chenye maua. Ile hofu aliyodhani imekwenda na samaki alikuta bado iko naye, imebadili kanga tu. Mwanamvua ni ndugu wa damu wa mumewe. Akimnyima, ukoo utasema mjane ameanza kuwatupa kabla eda haijaisha. Chausiku yuko ukuta kwa ukuta. Akimnyima, atasikia ndoo zake kila asubuhi mpaka kufa. Salha hana posa, na kila akimwona atajua kwa nini. Na asipompa yeyote, nadhiri ya Mungu inabaki haijalipwa.

Haya, nimemaliza yangu, na nyinyi hamjaanza yenu. Asiniambie mtu wauze wagawane. Nadhiri imesema cherehani. Asiniambie mtu wapokezane, cherehani ya zamu huharibiwa na wote watatu. Aliyejua ubaya ulikotoka, lakini ubaya ulitoka kwake. Aliyefanya kazi nyingi kuliko wote, lakini malipo aliyatamani mapema. Aliyefanya kazi ndogo kuliko wote, akapoteza kikubwa kuliko wote. Kesho baada ya adhuhuri watakuwa mlangoni, na wewe ndiye uliyekaa pale kwenye mkeka: mkono wako utamnyooshea yupi, na wale wawili utawaambia nini?